Kuhama Bila Kubadili Namba

Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilituletea huduma yenye jina refu: kuhama mtandao bila kubadili namba ya simu. Unakwenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka ukiwa na kitambulisho, anakuandikisha, na namba yako inabaki ileile hata kama sasa unahudumiwa na watu wengine kabisa. Nilikuwa sekondari. Sikuwa na simu, kwa hiyo huduma haikunihusu, lakini kitenzi kilinibaki kichwani. Wangeweza kusema kubadili, au kuchagua. Wakasema kuhama.

Kwetu Karatu kitenzi hicho hakina wepesi wa tangazo la redioni. Wairaqw waliokuja hapa kutoka upande wa Mbulu katika karne iliyopita walihama, na wazee bado wanaweza kukuambia ukoo gani ulitangulia na nani alifyeka pori lipi. Wamasai wa juu, ng'ambo ya geti la Lodoare, huhama na mifugo kufuata mvua na majani, wakajenga ronjo, kisha wakarudi nyumbani. Nyumbu wanahama, na kuhama kwao kunalipa ada za watoto wengi wa mtaani kwetu, maana baba zao ni madereva wa watalii. Na tangu 2022, ukisema tu "wamehama" mbele ya mtu wa Endulen, hatakuuliza wamehamia wapi. Anajua unasema Msomera.

Halafu angalia jinsi Kiswahili kinavyokinyumbua. Kuna kuhama, ambako macho yako yapo kwenye unachokiacha. Kuna kuhamia, ambako macho yamegeukia unakokwenda. Kuna kuhamahama, ambako hakuna lawama wala sifa, ni maisha tu. Kuna kuhamisha. Na mwisho wa mstari kuna kuhamishwa, ambako aliyetenda anaweza kutoweka kabisa kwenye sentensi na hakuna mwalimu wa sarufi atakayelalamika.

Swali langu linaanzia mahali pa chini zaidi ya hapo, kwenye intaneti ya nyumbani. Mteja anapohama kampuni, anadaiwa chochote na wale wanaobaki? Jibu la haraka ni kwamba hadaiwi. Amelipia mwezi wake, mwezi umeisha, kwaheri. Ndilo jibu nililopewa na karibu kila niliyemuuliza, na nusu yangu inalikubali. Anayeandika hapa ni ile nusu nyingine.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara ya lami inayopanda kwenda getini. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukipata intaneti kwa kampuni ndogo, jina lake nitaliacha, yenye mlingoti kilimani na inayorusha mawimbi kutoka paa hadi paa. Wa bondeni hawauoni mlingoti ule kwa sababu ya mikaratusi. Kwa hiyo fundi alifunga sahani mbili juu ya paa letu, moja ikitazama kilima, ya pili ikitazama bonde. Mama alikubali paa litobolewe akapunguziwa shilingi elfu kumi kwa mwezi, na umeme wa vile vifaa unatoka kwenye luku yetu. Haufiki uniti tatu kwa wiki. Nimewahi kuupigia hesabu siku moja nikiwa sina la kufanya.

Kwenye ile sahani ya pili wananing'inia watu watano: familia mbili za madereva, mama mwenye vyumba vya kulala wageni, mwalimu mstaafu, na duka la stesheni. Niseme kidogo kuhusu stesheni, maana asiyeishi mji mdogo anaweza kudhani ni mahali pa kununua kalamu. Kijana mwenyewe ana kompyuta mbili na printa ambayo lazima uipige kofi ubavuni ndipo itoe karatasi. Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hapo ndipo watoto kutoka Mang'ola na Endabash wanapomiminika na bahasha za vyeti. Wanaomba vyuo, wanaomba Bodi ya Mikopo, wanahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wanapakia picha ambayo mfumo unaikataa mara tatu kwa sababu ni kubwa mno, mara ya nne kwa sababu ni ndogo mno. Mtandao ukikatika saa nane mchana, mtoto wa Mang'ola ana mawili: apande gari la mwisho arudi bila kumaliza, au atafute ndugu wa kulala kwake. Nimeona binti akilia mbele ya skrini iliyoganda huku mama yake akimuuliza yule kijana kwa sauti ya chini kama nauli ya kurudi kesho inaweza kuepukika.

Mwaka jana huduma ilianza kuchoka. Mchana afadhali, lakini ikifika saa moja jioni ruta ilikuwa inawaka taa zote kama mti wa Krismasi na hakuna kinachofunguka. Ukipiga huduma kwa wateja unaambiwa uzime, uhesabu hadi thelathini, uwashe. Fundi wao wa eneo letu alikuwa mmoja na pikipiki moja. Wakati huohuo ikaja kampuni kubwa ya simu na ruta ya laini: unaiweka dirishani, hakuna kutoboa, hakuna sahani, elfu hamsini kwa mwezi wakati sisi tulikuwa tunalipa sitini. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kuandika tasnifu ya uzamili, na vikao na msimamizi wangu vilikuwa saa mbili usiku, saa mbaya kuliko zote. Nikamwambia Mama tuhame.

Mama hakukataa. Aliuliza tu, "Sasa wale wa bondeni?"

Jioni ileile nilipita kwa Mwalimu kumrudishia kitabu. Nilipomwamkia hakuitikia shikamoo yangu vizuri, habari zilikuwa zimeshamfikia. Karatu haihitaji faiba kwa mambo kama hayo. "Wewe na mama yako ndio mnaojua kuwasemesha wale," aliniambia. "Mimi wakisikia sauti yangu ya kizee wananiwekea muziki. Mkiondoka, nani atapiga kelele?"

Nilijibu kitu cha kistaarabu nikaenda zangu, lakini alikuwa ametamka, bila kujua, hoja ya kitabu kizima. Albert Hirschman, mchumi aliyezaliwa Berlin mwaka 1915 na kuishia Marekani, alikichapisha mwaka 1970 na kukiita *Exit, Voice, and Loyalty*. Kilizaliwa kutokana na jambo aliloliona Nigeria. Reli ya huko ilikuwa na hali mbaya, na malori yalikuwa yakiishindania mizigo, hata karanga zilizosafirishwa mamia ya maili kutoka kaskazini hadi bandarini. Uchumi wa darasani unasema ushindani wa namna hiyo ungeiamsha reli. Haikuamka. Hirschman akajiuliza kwa nini, na jibu lake ndilo lililonikalisha chini: malori yaliwachukua kwanza wateja wenye haraka, wenye fedha, wenye ujuzi wa kulalamika hadi wakasikilizwa. Walipoondoka, reli haikufa, kwa sababu serikali iliendelea kuibeba. Ilibaki na wale wasioweza kupiga kelele, ikawa na raha ya kuendelea kuwa mbovu.

Unapoudhika na huduma, anasema, una njia mbili: kuondoka au kusema. Njia ya kwanza ni safi, haihitaji kumtazama mtu usoni. Ya pili inachosha na inakuchukulia muda. Na kila mara ya kwanza inapokuwa rahisi sana, ya pili hudhoofika, kwa kuwa wanaoijua kazi ya kusema ndio wepesi wa kuondoka.

Mwenzangu mmoja wa chuo, aliyekulia Dar na haoni sababu ya kuingiza maadili kwenye ruta, aliniambia intaneti ni kama sukari. Dukani kwa jirani wakiuza sukari yenye mawe, unavuka barabara. Humdai mwenye duka maelezo, na mteja anayefuata nyuma yako kwenye foleni si mwanao. Ni hoja nzuri, na sitaki kuiondoa kwa ujanja. Uaminifu kwa kampuni ni kitu ambacho kampuni zenyewe zimekibuni ili tuvumilie. Kampuni haikuhurumii wewe ukichelewa kulipa siku mbili, inakata. Kwa hiyo sioni deni lolote kwa kampuni.

Lakini sukari yangu haipiti juu ya paa la kwangu kwenda kwa Mwalimu. Na hata kama sahani ile isingekuwepo, bado malalamiko yetu yalikuwa yamembeba yeye pia. Kila nilipopiga simu kwa hasira ya tasnifu, bonde zima lilikuwa linapata nafuu ya siku tatu. Hakuna aliyeniajiri kwa kazi hiyo, hakuna aliyenilipa, lakini watu walishazoea kuiegemea. Mtu anayeacha bila neno kitu ambacho wengine wamekiegemea ametenda jambo fulani, na sidhani kama "nimelipia mwezi wangu" inalimaliza. Sisemi abaki milele. Kumtaka mtu abaki kwenye huduma mbovu ili awe sauti ya wengine ni kumfanya mateka. Nasema kuna namna ya kuondoka.

Hirschman mwenyewe aliirudia hoja yake uzeeni. Mwaka 1993 aliandika kuhusu Ujerumani Mashariki ya 1989, ambako maelfu walikuwa wakitoroka kupitia Hungaria, na wengine wakajaa mitaani Leipzig. Kwa nadharia yake ya awali, wanaotoroka wangepaswa kuwanyong'onyesha wanaobaki. Kilichotokea ni kwamba kule kuondoka kuliwachokoza waliobaki wakaanza kusema. Kuondoka na kusema vilishikana mkono. Ninampenda kwa hilo, mzee aliyeitazama dunia ikimpinga akaandika alichokiona.

Kuna jambo jingine linaloufanya mjadala wa kuchagua kampuni uwe na kichekesho kidani yake. Tunazungumza kana kwamba kila kampuni ina mto wake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Wa laini nyekundu na wa laini ya bluu walikaa pamoja wakitazama kiduara kinachozunguka. Tunachochagua sisi wa Karatu, mara nyingi, ni bomba la mita za mwisho kutoka kwenye tangi lilelile.

Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, tulijua zaidi. Intaneti ilikatika nchi nzima na ilichukua siku kadhaa kurejea. Paa letu lilikuwa na sahani zake mbili, dirisha la jirani lilikuwa na ruta yake ya laini, na vyote vilikuwa mapambo. Watu walikaa barazani wakiulizana kama kuna aliyesikia lolote kutoka Arusha, kutoka Dar. Siku zile sikumsikia hata mtu mmoja akizungumzia kifurushi kipi ni nafuu. Hapakuwa na pa kuhamia. Uhuru wa mteja unaishia pale mwenye tangi anapofunga koki, na baada ya hapo kilichobaki ni ile njia ya pili ya Hirschman, ambayo nayo siku hizo ilikuwa na bei ambayo sitaiandika kwa wepesi hapa.

Ndipo ninaporudi juu ya geti. Simfananishi mtu aliyeacha kaburi la baba yake Endulen na mimi niliyechoka na skrini kuganda. Lakini kitenzi ni kimoja, na nchi imekitumia sehemu zote mbili ikitegemea tusikigeuze kukitazama nyuma yake.

Hoja ya serikali ninaijua na ina uzito. Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilipoanzishwa mwaka 1959 watu wa mle ndani walikadiriwa kuwa kama 8,000; baadaye wakazidi 100,000, pamoja na mifugo yao, katika eneo ambalo tangu 1979 liko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 2022 walianza kupelekwa Msomera, Handeni, kila kaya ikiahidiwa nyumba, kiwanja cha ekari mbili na nusu na shamba la ekari tano. Wapo waliokwenda kwa moyo wao. Kijana wa Kimasai anayetaka kulima na kujenga nyumba ya matofali, vitu ambavyo sheria ya hifadhi inambana navyo, ana haki ya kuhamia, na sioni kwa nini mtu wa mjini kama mimi amsikitikie.

Neno linalonisumbua ni "kwa hiari", ambalo liliambatana na zoezi lile kila lilipotajwa. Hiari ya kuondoka inapimwa kwa hali ya kubaki. Mwaka uleule wa 2022 fedha zilizokuwa zimetengewa shule za Ngorongoro zilielekezwa Handeni. Agosti 2024 tangazo la serikali likafuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ile. Nyumba zilikuwa bado zipo, ng'ombe wapo, moshi unatoka, lakini kwenye karatasi hapakuwa na kijiji. Ni reli ya Nigeria iliyogeuzwa: pale mwenye reli hakujali wateja wakiondoka, hapa mwenye huduma anataka waondoke. Kampuni inayotaka kuachana na bonde haihitaji kumfukuza mtu. Inaacha tu jioni zife, kisha inahesabu waliohama na kusema wenyewe wamechagua.

Na kila kaya inayopanda lori, hata ikiwa imependa, inawaachia waliobaki kitu kizito zaidi. Darasa likipungua watoto, mwalimu anahamishwa. Zahanati ikipungua wagonjwa, dawa zinapungua. Aliyeondoka hakukusudia hayo, kama Mama asivyokusudia kumkatia mtu wa stesheni. Ndiyo maana naona ni makosa kumtupia lawama yeye. Lawama inamhusu aliyepanga mambo hivi kwamba ahueni ya mmoja iwe pigo la mwingine. Hata hivyo, Agosti ileile, kuanzia tarehe 18, watu walijitokeza kwa maelfu kwenye barabara ile ya watalii wa kwenda Serengeti, wakakaa siku kadhaa. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha utekelezaji wa tangazo. Waliosema walikuwa ni waliobaki. Kama wote wangekuwa wepesi kama sisi wenye ruta za dirishani, ile barabara ingekuwa tupu.

Sisi tulihama Februari. Lakini kabla yake Mama aliwaita wa bondeni sebuleni, akachemsha chai, tukaandika barua moja yenye sahihi sita na nakala kwenda ofisi ya TCRA ya kanda, Arusha. Nilitamani iwe kali zaidi. Mwalimu aliisahihisha sarufi kwa kalamu nyekundu na kuondoa vivumishi vyangu viwili. Mmoja wa wale madereva alikataa kutia sahihi mwanzoni, akisema yeye anahama wiki ijayo, halinihusu. Mama akamwambia anayehama ndiye mwenye ushahidi mzuri kuliko wote wa kwa nini watu wanahama. Akatia sahihi.

Baada ya wiki tatu hivi walikuja kubadilisha kifaa kimoja kilimani. Jioni zikawa afadhali, siyo nzuri. Sisi tukachukua ruta ya dirishani kwa ajili ya tasnifu yangu, na Mama akapoteza lile punguzo la elfu kumi kwa kuwa si mteja tena. Mkataba haukusema lolote kuhusu sahani ya pili, ile inayotazama bonde, wala kuhusu umeme wake. Nilimuuliza Mama kama tuidai kampuni kodi ya paa. Akasema nidai nikipenda, ila nisizime swichi wakati nasubiri majibu.

Fundi alikuja Jumatatu kuchukua ruta yao. Akauliza ashushe na sahani. Mama akamwambia achukue ruta tu, na ile ngazi asiirudishe stoo kwanza, maana Mwalimu alikuwa amepiga simu tangu asubuhi kusema kwake hakukamati.